Pengo Kati ya Vilima Viwili

Chumba cha ramani kilikuwa kidogo kuliko vyote katika nyumba ile, lakini ndicho kilichowalisha. Mlikuwa na meza mbili zilizogusana, kompyuta mbili, na pembeni kiti chenye usukani na kanyagio kama cha rubani wa kweli. Mwenye nyumba, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Rubani ingawa hakuwahi kupanda ndege, alichora ramani za watu wanaorusha ndege kwenye kompyuta. Milima ya ndani ya mchezo huo ilikuwa imeshatengenezwa na wengine. Kilichokosekana ni ramani ya kushika mkononi, ili anayerusha ajue mbele yake kuna nini hata mawingu yakimfunika.

Kazi ilianza na picha ya kijivu iliyopigwa kutoka juu kabisa angani. Palipoinuka paling'aa, palipozama palikuwa peusi. Kompyuta iliisoma picha hiyo ikachora kontua, ile mistari inayopita penye kimo kimoja, ikauzunguka mlima kama pete juu ya pete. Lakini mlima mrefu hauonyeshi mgongo wake wote. Pale ulipojificha, picha ilitoka na shimo tupu, na mistari ikafika ukingoni ikakatika. Mtu ilimbidi akae, atazame huku na huku, aamue ncha hii inakutana na ile.

Kazi hiyo ilikuwa ya Dada.

Dada ndiye aliyemlea Rubani tangu wazazi wao walipofariki, kwa cherehani na kwa subira. Macho yalipoanza kuchoka na sindano, mdogo wake alimvutia kiti akamwambia, "Dada, wewe umezoea uzi. Na huu ni uzi tu." Akamfundisha polepole, bila kumcheka hata mara moja. Tangu siku hiyo walikaa bega kwa bega, na kila Rubani alipokwama alisema, "Hebu tazama hapa, dada." Maneno hayo machache yalimshibisha kuliko chakula.

Kisha Rubani akaoa.

Mkewe alikuwa mchangamfu, mwepesi wa mikono, na baada ya muda mfupi alizijua kontua kama aliyezaliwa nazo. Dada alimwita Bi Harusi, na hakuacha kumwita hivyo hata harusi ilipokuwa imeshasahaulika mtaani.

"Bi Harusi, umeamka? Nilidhani ndege yako imezuiwa na ukungu."

"Imetua salama, wifi. Chai unaitaka ya maziwa au ya rangi?"

"Yoyote. Mimi si wa kuchagua. Waliochagua wameshachagua."

Bi Harusi alicheka, akamletea ya maziwa, kwa kuwa alijua ndiyo aipendayo. Alikuwa hivyo. Joto likizidi aligeuza feni imwelekee Dada, yeye akajipepea kwa karatasi. Dada aliyaona yote hayo, tena aliyaona vizuri, na kila wema ulimwingia kama mwiba. Hata feni anaigeuza ili mume wake amwone, alijisemea. Maana sasa Rubani akikwama alisema, "Hebu tazama hapa, mke wangu," na Dada alibaki na shingo imeshanyooka nusu, akaigeuza upande wa dirisha kana kwamba alitaka kutazama nje.

Lililomuudhi zaidi ni kile kiti cha rubani. Mchana kazi zikipungua, Bi Harusi alikaa hapo akarusha ndege taratibu juu ya vilima, akizunguka mahali pamoja kama mwewe anayetafuta kifaranga.

"Wengine tunashona, wengine wanapaa," Dada alisema bila kuinua macho.

"Siku moja nitakupakia, wifi."

"Mimi? Nishakuwa mzigo humu ndani, unataka nikawe mzigo na huko?"

"Dada!" Rubani alisema, lakini alikuwa akicheka, na alicheka akimtazama mkewe.

Ramani waliyokuwa wakiimalizia ilikuwa na jambo kubwa. Mzee mmoja aliyestaafu urubani wa kweli, waliyemwita Kapteni, alikuwa mkuu wa chama cha warushaji. Aliahidi kuja kuijaribu mwenyewe. Akiridhika, Rubani angepewa milima yote ya kaskazini, kazi ya mwaka mzima au zaidi. Asiporidhika, angetafutwa mwingine.

Karibu na kiwanja cha kutua palikuwa na shimo moja gumu. Ncha nne za mstari wa kimo kimoja zilifika ukingoni mwake, mbili kushoto na mbili kulia, na zingeweza kuungwa kwa namna mbili. Ukiunga kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia, unapata vilima viwili na pengo katikati, njia ya ndege kupita. Ukiunga juu kwa juu na chini kwa chini, unapata mgongo mmoja mrefu usio na mlango. Dada alikaa nalo siku nzima, akaamua ni vilima viwili.

Asubuhi ya kabla ya Kapteni kuja, aliifungua ramani kuiaga, kama mtu anavyopiga pasi mara ya mwisho. Pale pengo halikuwepo. Kulikuwa na mgongo mmoja, umeungwa vizuri, mstari laini usio na kile kikunjo kidogo ambacho mkono wake huacha kila mara.

Hakuhitaji kuambiwa ni nani. Damu ilimpanda. Kupitia dirishani alimwona Bi Harusi uani akianika nguo. Alikuwa ameshika gauni la Dada mwenyewe, lile la kitambaa cha bluu, analigeuza ndani nje ili jua lisilipaushe.

Dada aliliona hilo. Angeweza kutoka akauliza, "Wifi, kwa nini umefumua kazi yangu?" na angejibiwa. Badala yake alisema moyoni, ameninyang'anya ndugu, sasa ananinyang'anya na mkono. Akaufuta ule mgongo, akaunga vilima vyake viwili, akaihifadhi ramani. Mchana Rubani akaipeleka ramani kuchapwa.

Kapteni alikuja kesho yake, mzee mfupi mwenye sauti ya upole. Aliketi kwenye kiti, akaweka ramani mapajani, akaamuru mawingu yashushwe mpaka kioo kikawa cheupe.

"Naona pengo hapa, kati ya vilima viwili," alisema. "Napita."

Akapita. Weupe ukageuka ghafla kuwa mwamba, kisha kioo kikazima.

"Tumekufa," Kapteni alisema kwa utulivu. "Sote wanne, hata bibi huyu aliyenikaribisha chai."

Rubani aliinamia ramani, uso umemshuka. "Nani aliunga hapa?"

Bi Harusi naye aliinama, akatazama, akashangaa. Kisha alimtazama Dada. Ilikuwa mara moja tu, lakini Dada alijua kwamba ameshaelewa.

"Ni mimi," Bi Harusi alisema.

"Wewe? Si ulikuwa ukizunguka hapo hapo kila mchana?"

"Nilichanganya."

"Nilikuambia mashimo umwachie dada! Dada hakosei."

Ndiyo maneno aliyoyangoja tangu siku ya harusi. Yalimfikia yote, mbele ya mgeni, na Bi Harusi akiwa ameinamisha kichwa. Dada alingoja yamshibishe. Yalimkaa kooni.

Kapteni alikuwa anaikunja ramani. "Kijana, kila mtu hukosea. Lakini nyumba isiyokagua kazi yake, mimi siwezi kuipa milima."

"Ilikaguliwa," Dada alisema.

Wote wakageuka.

"Bi Harusi huyu alikagua. Sasa ndiyo naelewa alichokuwa akikifuata kwenye kiti hicho. Aliruka akaona ni mgongo mmoja, akausahihisha. Mimi nikaufumua, jana asubuhi, bila kuuliza mtu." "Kwa kijicho tu, Kapteni. Sina sababu nyingine ya kukupa."

Kapteni akamgeukia Bi Harusi. "Kweli ulikagua kwa kuruka?"

"Mashimo yote, mzee. Mengine yote dada ameyaunga sawa. Hilo moja tu. Nikaona haya kumwambia."

"Basi nitaichukua kazi yenu, kwa sharti moja. Hakuna mstari utakaonifikia kabla huyu hajauruka." Aliinuka, akampa Dada mkono kwanza, kabla ya wengine, akaenda zake.

Rubani alisimama mlangoni. "Dada..." alisema. Akamgeukia mkewe. "Na wewe ulijitwika kwa nini?"

"Nyumba hii ilikuwa yake kabla haijawa yangu," Bi Harusi alijibu. "Na wewe pia."

Hata kwa wema amenishinda, Dada aliwaza, na wivu ukamchoma upya, mahali pengine kabisa.

Milima ya kaskazini ilipoanza, mpango ulikuwa ule wa Kapteni. Dada aliunga, Bi Harusi akaruka. Shimo la kwanza lilikuwa baya, lenye ncha nyingi. Bi Harusi alishuka chini, akazunguka, Dada akiwa nyuma yake ameshika kiegemeo cha kiti kwa mikono miwili.

"Sawasawa kabisa, wifi. Kama ulipita ukaona."

Dada alifurahi, na akajichukia kwa kufurahi.

"Safi sana, mke wangu," Rubani alisema kutoka mezani. "Unaruka vizuri."

Dada aliuma mdomo.

"Twende shimo linalofuata, wifi," Dada alisema, "kabla hajakusifu tena."