Daktari Asiyechezwa

"Kuna kitu chochote unachoweka ndani?" Dokta Rebeka aliuliza akivua glavu.

"Hakuna," Editha alijibu haraka mno.

Alikuwa ametoka Chanzuru alfajiri na mtoto wake, Jeni, mgongoni, akapita Kilosa mjini bila kushuka. Hospitali ya pale ilikuwa karibu zaidi, lakini wifi zake wawili waliuza chakula getini, na habari ingefika nyumbani kabla yake. Huku Mikumi hakuna aliyemjua. Mbele ya daktari huyu alikuwa amesema mengi kuliko alivyowahi kumwambia mtu: kwamba tangu ajifungue, tendo la ndoa linamkata kama wembe, kwamba hamu imekwisha kabisa, kwamba mumewe, Evarist, anayekata miwa Ruaha, aliondoka mara ya mwisho bila kuaga. Kesho angerudi. Shangazi Regina, kungwi aliyemfunda, alikuwa ametamka wazi: safari hii mambo yakiharibika tena, anawaita wakwe. Wakwe wakishakaa kikao, mwanamke hufungasha.

"Nimeona michubuko," daktari alisema. "Ngozi ya ndani imekauka na kupasuka. Kunyonyesha hukausha, hilo ni la kawaida, lakini hakuchubui hivi. Kama kuna kitu kingine, dawa yangu haitafaa mpaka nikijue."

Editha alitazama mlango. Nje wanawake walikuwa wakisubiri zamu zao, na ilimjia kwamba wote wanasikia.

"Dokta, wewe umechezwa?"

"Sijachezwa. Kwetu Bukoba hatuna unyago wa hivyo."

"Basi siwezi kusema. Tuliapishwa. Mambo ya ndani hayasemwi kwa asiyechezwa."

Alitegemea kufokewa. Dokta Rebeka hakufoka, ila alivuta kiti karibu na kupunguza sauti.

"Hujaapishwa kutotikisa kichwa, au siyo? Mimi nitataja, wewe unyamaze. Ugoro?"

Editha alitikisa kichwa kukataa.

"Majani ya kusaga? Sabuni ya unga?"

"Sabuni ya unga! Mungu wangu, kuna watu wanaweka?"

"Wapo. Shabu?"

Kichwa cha Editha kiliinama, na hakikuinuka haraka.

"Shabu unaijua kazi yake," daktari alisema. "Mto ukileta maji ya tope, unaikoroga kwenye ndoo, tope linakwenda chini. Inabana. Kwenye mwili nako inabana ngozi na kuinyonya unyevu. Unaumia, wanakwambia hujabana vya kutosha, unaongeza, unaumia zaidi. Halafu misuli ya chini inajifunza kuogopa, inajifunga yenyewe kabla mtu hajakugusa. Na mwili unaongoja maumivu hauna nafasi ya hamu. Ni ugonjwa unaoeleweka, na unatibika."

Masharti yalikuwa mafupi. Shabu iachwe leo. Kusiwe na kuingiliana mpaka ngozi ipone na daktari aipime. Kila siku alegeze misuli ya nyonga kwa pumzi ndefu, kama alivyomwonyesha pale kitandani. Baadaye watumie kilainishi cha maji. Na kliniki ijayo aje na mumewe.

"Kusubiri mpaka lini? Anarudi kesho."

"Siwezi kukutajia siku. Ngozi hupona upesi. Woga huchukua muda zaidi."

Kesho yake Shangazi Regina alifika kabla ya adhuhuri, kitenge kimefungwa kifuani, na fundo dogo la kitambaa mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Maji ya moto yako wapi? Nimeleta lile jiwe la shabu kali, la Morogoro. Leo tunaimaliza kazi."

"Siweki tena, shangazi."

"Nani kakudanganya? Unataka akukute kama uji wa mgonjwa? Mwanaume hakati miwa juani wiki nzima aje aogelee!"

"Linanichubua. Ndiyo maana naumia."

Shangazi alikaza macho. "Umemweleza nani?"

"Sikusema neno."

Ilikuwa kweli, kichwa tu ndicho kilichoinama, lakini mwenyewe alisikia lilivyofanana na uongo. Kabla shangazi hajauliza tena, pikipiki ilizima uani. Evarist aliingia na begi begani, akaamkia, akaliona fundo, akawatazama wote wawili. Shangazi alilificha chini ya kitenge.

"Baba Jeni ametoka safari," alisema. "Nitakuja asubuhi kumuuliza kama ameridhika. Jibu lake ndilo nitakalokwenda nalo kwa wazee wake."

Editha angeweza kungoja mpaka shangazi aondoke. Lakini akingoja, shangazi angemtangulia kwa wakwe na maneno yake.

"Muulize sasa hivi," alisema. "Evarist, nilikwenda Mikumi kwa daktari. Nimechubuka ndani. Nimekatazwa kulala nawe mpaka nipone, na daktari anataka uje. Ukiona huwezi, mwambie shangazi hapa hapa, nijue."

Evarist aliweka begi chini polepole.

"Umechubuka na nini?"

Editha alimtazama shangazi, na Evarist naye akamtazama shangazi, ambaye ghafla alikuwa na kazi ya kukaza fundo la kitenge chake.

"Mimi nilidhani ni mimi," Evarist alisema hatimaye. "Unauma meno unatazama ukuta. Nikasema huyu ananichukia, bora nibaki kambini."

"Sikuchukii. Naumia."

"Sasa ungesema, mama Jeni!"

"Kwa nani?"

Evarist alikaa kwenye begi lake, akajifuta uso kwa mkono wenye makovu ya majani ya miwa. Shangazi alikohoa.

"Baba, niwaambie nini wazee?"

"Waambie mke wangu anatibiwa," Evarist alisema. "Na hicho ulichoficha, shangazi, nakuomba uondoke nacho."

Shangazi aliondoka bila kuaga. Kwa wakwe angesema nini, Editha hakujua. Evarist alimgusa bega, na bega likakakamaa kabla hajaweza kulizuia. Safari hii Evarist aliliona, akauondoa mkono.

"Kliniki ni lini?" aliuliza.