Verlon Nyuma ya Lori la Ng'ombe

Verlon Tackett alikuwa ametunga nyimbo tele za safari, na karibu zote alizitunga akiwa amejilaza kiti cha nyuma. Gari la bendi liliendeshwa na Oleta, mke wa kaka yake, mwanamke asiyejua gitaa wala ngoma, ila aliyeweza kuvuka Oklahoma yote bila kupiga mwayo.

Kiangazi cha mwaka 1974 walikuwa wakienda Albuquerque kurekodi, na wimbo mmoja ulikuwa umewagomea. Walipotua Amarillo kula, Verlon aliwaimbia tena: dereva anashindana na upepo, barabara ndiyo mchumba wake.

Oleta alisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna.

"Shemeji, huyo dereva wako hajabanwa na haja hata mara moja?"

Harlan, kaka mtu na mpiga ngoma wao, alicheka hadi kahawa ikampalia. Verlon alijitetea kwamba mtunzi si lazima ashike usukani, moyo unamtosha. Oleta alisukuma funguo za gari mpaka kando ya sahani ya Verlon.

Tangu utotoni Verlon alikuwa amezoea trekta la baba yake tu. Nje kidogo ya mji akajikuta nyuma ya lori la ng'ombe, na kulipita akaogopa. Harufu ikawajaa garini. Magari ya nyuma yakapiga honi. Oleta, miguu peku juu ya dashibodi, alikuwa akimenya karanga.

"Taratibu tu, shemeji. Hata kobe hufika."

Barabara ile ilikuwa ya vipande vya zege, na kwa mwendo ule magurudumu yaligonga kila kiungo: tu-tup, tu-tup. Huko nyuma Harlan akaanza kuyafuatisha kwa vidole. Hapo Verlon akatambua kosa lao: siku zote walikuwa wakiukimbiza wimbo. Akauanza upya, polepole, na maneno yakaja yenyewe. Ng'ombe anamchungulia kati ya mbao. Viganja vinatoka jasho. Mwanamke pembeni anamwambia hata kobe hufika.

"Ni nani huyo mwanamke?" Oleta aliuliza.

"Humjui."

"Basi mwambie aimbe hivi: nyumbani ni mbele au nyuma, inategemea nani kapika."

Harlan akasema mstari huo hautoki kwenye wimbo, hata kwa bunduki.

Lori likakata kona kuingia shambani, njia ikawa nyeupe mbele yao. Verlon hakuongeza mwendo. Ubeti wa pili ulikuwa bado. Walifika Albuquerque wamechelewa, fundi wa studio amenuna, lakini walipomaliza kupiga aliomba waurudie, ati kwa raha yake tu.

Vuli ile redio za Texas ziliucheza mno, na madereva wa malori wakaufanya wao. Kwenye sahani ya santuri yaliandikwa majina mawili ya watunzi, la Oleta likitangulia. Verlon alipolalamika, shemeji yake alimwambia alaumu alfabeti: wote ni Tackett, na O huja kabla ya V.