Barua ya Kunisifu Mimi

Barua pepe ya chuo iliingia Jumatatu asubuhi nikiwa nahariri hotuba ya Mkuu wa idara yetu, na tangu hapo sikutulia tena. Nilikaa, nikasimama, nikaenda kujaza birika ambalo tayari lilikuwa limejaa. Chuo kilikuwa kimenikubali kwenye shahada ya uzamili ya sera za umma. Hadi hapo, vigelegele. Tatizo lilikuwa aya ya pili. Kuhusu ombi langu la ufadhili wa nusu ya ada, kamati ilikuwa imesoma barua ya mapendekezo kutoka kwa mkuu wangu wa kazi, ikavutiwa sana na mkuu huyo, lakini ikashindwa kuelewa mimi nilifanya nini. Nilete barua nyingine, au nikajieleze mwenyewe kwenye usaili wa Alhamisi.

Cha kuchekesha, kama wewe ni mtu wa kucheka, ni kwamba barua ile niliiandika mimi.

Ndivyo ofisi yetu inavyokwenda. Mimi ni ofisa mipango wa manispaa, lakini wote wananiita Kalamu, maana kila karatasi yenye sahihi ya Mkuu wa idara imepita mikononi mwangu: hotuba, taarifa, majibu kwa wakaguzi, hata salamu za rambirambi. Nilipomwomba barua ya mapendekezo alinijibu anavyojibu siku zote, "Niandalie rasimu, nitasaini." Nikaiandika chapuchapu wakati wa chakula cha mchana, vidole vikienda vyenyewe, na vidole vyangu vimezoea njia moja tu. *Kwa uongozi mahiri wa Mkuu wa idara, saa za kufungua vibanda vya maji zilibadilishwa na foleni zikapungua. Mwombaji alishiriki.* Mwombaji alishiriki! Saa zile nilizibuni mimi, nikazipigania mimi, halafu kwenye barua ya kunisifu mimi nikajiandika kama mtu aliyekuja kupanga viti. Mkuu alisaini bila kusoma, akanipongeza kwa lugha nzuri.

Nilijipalia makaa mwenyewe, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Laiti ningekuwa na mtu wa kumlaumu, ningepumua kidogo.

Jioni nikafagia sebule ambayo ilikuwa imeshafagiliwa.

"Mama Pacha, kaa chini bwana, utatufagia na sisi," mume wangu akasema.

"Nimeharibu."

Nikamweleza. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akauona uso wangu, akaacha. Baba Pacha ni fundi wa majokofu. Kwa muda mrefu alikuwa akidunduliza ili afungue karakana yake, aache kutengeneza vitu vya watu kwenye varanda zao. Akiba hiyo ndiyo nusu yetu ya ada. Aliitoa mwenyewe bila kuombwa, akasema karakana haina tarehe ya mwisho ya kupokea maombi. Nusu nyingine hatuna, wala hatuna pa kuitoa. Bila ufadhili, nafasi yangu ingekwenda kwa mwingine.

"Basi kesho mwandikie nyingine asaini," akasema. "Si huwa hasomi?"

Mama yangu, tunayeishi naye, alikuwa anachambua mchele huku masikio yote yako kwetu. "Hiyo sera, mwanangu, ukishaisomea inatibu nini?"

"Haitibu, Mama. Ni mambo ya kupanga."

"Kupanga si unapanga hapohapo kazini? Tena wanakulipa wao."

Nikarudi kwenye ufagio wangu.

Jumanne niliandika barua mpya, na sikutegemea kazi ile ingenitoa jasho. Niliandika "mwombaji alibuni", nikafuta. Nikaandika "alisaidia kubuni", nikajitukana, nikafuta tena. Kumsifu mtu mwingine naweza hata usingizini, lakini kila nilipojisogeza mbele nilihisi kama naingiza mkono kwenye mfuko wa mtu. Nilipoimaliza niliichomeka katikati ya rundo la karatasi za kusainiwa, nikasimama mbele ya meza ya Mkuu nikijifanya naangalia dirishani.

Siku hiyo jicho lake likanasa neno "vibanda".

"Kalamu, hapa umekosea. Vibanda ni kazi yangu."

"Mkuu, ile ilikuwa kazi yangu."

"Yako? Mwezi ujao mimi naenda kuzungumzia vibanda hivi kwenye mkutano mkubwa! Taarifa zote zinasema hivyo. Nenda kazisome."

"Taarifa niliziandika mimi, Mkuu."

"Sasa ndiyo hivyo. Kwani uliandika uongo?"

Hakuwa ananidhulumu kwa makusudi. Naapa alikuwa anaamini kila neno. Miaka minane nimemvika kilemba cha ukoka, naye kakizoea hadi anadhani ni cha hariri. Nilikasirika, nikamwonea huruma, kisha nikakasirika upya kwa sababu nimemwonea huruma. Aliniambia atasaini, ila niiondoe aya ya vibanda. Lakini aya hiyo ndiyo barua yenyewe, iliyobaki ni salamu tu. Nikachukua karatasi yangu nikatoka bila sahihi.

Alhamisi niliomba ruhusa ya nusu siku kwa ofisa utumishi, sikusema naenda wapi. Nilifika chuoni mapema mno, nikazunguka jengo hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Chumba cha usaili kilikuwa na feni inayolalamika na watu watatu nyuma ya meza. Mwenyekiti wao, mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alikuwa na barua yangu mbele yake, ile ya kwanza.

"Saa za vibanda vya maji alibadilisha nani?"

Swali la kitoto kabisa. Nikafungua mdomo, likatoka, "Idara yetu, kwa uongozi wa..."

"Nimeuliza nani."

"Mimi," nikasema, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

"Taarifa za idara ulizoambatisha kwenye ombi lako zinasema vingine."

"Hizo pia niliziandika mimi."

Mzee aliyekaa kulia kwake akaweka kalamu chini. "Basi binti, tukuamini kwa lipi?"

Lilikuwa swali la haki, na ndiyo maana lilinipandisha hasira, na hasira ikanifungua ulimi. Nikawaambia nilibeba ndoo yangu nikapanga foleni kama watu wengine. Vibanda vilikuwa vinafunguliwa saa mbili, saa za ofisi, utadhani kiu nayo inasaini daftari la mahudhurio. Saa hizo akina mama wameshakwenda kazini, kwa hiyo wote walirundikana jioni na kugombana. Nikapendekeza vifunguliwe alfajiri. Mhasibu akasema hakuna fedha ya kuwalipa wauzaji saa za ziada. Ndipo nikaenda kushinda kibandani, nikaona kuanzia saa tano hadi saa tisa muuzaji anasinzia na nzi wake. Tukavifunga saa hizo, tukazihamishia alfajiri. Mshahara uleule, kazi ileile, foleni ikakatika. Wauzaji walinitukana mwanzoni, kisha wakanyamaza, maana siku hizi mchana wanakwenda kulala kwao kitandani.

Nilipomaliza nilikuwa nahema. Mwenyekiti hakutabasamu.

"Tuna kawaida ya kumpigia aliyesaini," akasema, akabonyeza namba iliyokuwa kwenye barua, akaweka spika.

Mkuu alipokea, na alipoulizwa habari za vibanda akafurahi. Alizungumzia foleni, alizungumzia kiu ya mwananchi, alizungumza vizuri kweli, na kila sentensi ilikuwa yangu, neno kwa neno, kutoka kwenye hotuba niliyokuwa nahariri Jumatatu. Niliiona nusu ya ada ikiondoka, na nafasi yangu chuoni ikiondoka nayo.

"Nikuulize kitu kimoja," mwenyekiti akasema. "Fedha ya kuwalipa wauzaji saa za alfajiri mlipata wapi?"

"Swali zuri sana hilo." Karatasi zikapekuliwa. "Hilo la malipo... lilifanyiwa utaratibu. Subiri kidogo, nimwite mtu wangu akupe maelezo kamili."

Tukasikia kiti kikiburuzwa, mlango ukifunguliwa, kisha sauti yake ikipita kwenye korido. "Kalamu! We Kalamu, njoo mara moja!"

Na mimi, kwa mazoea tu, nilikuwa nimeshainuka.

Mwenyekiti aliniangalia nilivyoganda pale, si mkaaji si msimamaji. Akafunika simu kwa kiganja.

"Kalamu ni nani?"

"Mimi," nikasema, na safari hii sauti ilifika hadi mlangoni.

Yule mzee akaichukua kalamu yake, akaandika kitu kwenye karatasi yangu, akamsogezea mwenyekiti. Mwenyekiti akasoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Nusu nyingine ya ada unayo?"

"Ninayo," nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya watu watatu nisiowajua. Kwenye simu, Mkuu alikuwa bado ananiita.