Nasaba ya Twalibu

Kaka yangu Twalibu aliamka siku moja akiwa Mwarabu. Kabla ya hapo alikuwa Mndengereko kama sisi sote, muuza saruji wa Kibiti, mjukuu wa mtu wa Ngarambe aliyezeeka akifukuza nguruwe mahindini. Mimi, Mwanabibi, tumetoka naye tumbo moja. Basi nikawa najiuliza: Uarabu huo ulinirukaje mimi, ukamwingia yeye peke yake?

Jibu lake lilikuwa kitabu. Alikinunua Kariakoo: historia ya Waarabu, kazi ya wasomi wa chuo kikuu, Kiarabu kitupu, jalada la kijani na herufi za dhahabu. Wifi yangu Habiba alidhani ni msahafu, akawa hakigusi bila udhu. Mumewe hakumsahihisha. Kiarabu chenyewe Twalibu alikijua kama tulivyofundishwa sote chuo cha Kurani utotoni: herufi unazitamka, maana unamwachia Mungu. Hata hivyo kila jioni alikaa nacho barazani, kidole kikitambaa, midomo ikichezacheza, akisubiri wapita njia wamwone. Aibu niliona mimi.

Siku moja akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Amejiona kitabuni! Kwenye mstari mmoja pana Twalibu, na neno linalofuata ni nasaba. Alitusomea mpaka tukakinai: "Twalibu nasabin laisa lahu." Nasaba ya Twalibu, akasema, imo katika historia ya Waarabu, asiyetaka na anywe maji ya bahari.

Ningemwacha na upuuzi wake, kama si Sihaba. Huyu ni binti yake, na alikuwa anaposwa na Mussa, kijana wa Ruaruke aliyefanya kazi Maskati miaka mingi akarudi na adabu yake yote. Sihaba aliniambia mwenyewe, "Shangazi, nikimkosa Mussa, msiniletee mwingine." Na Sihaba hasemi ovyo.

Kwa desturi mposaji haji mwenyewe, lakini Twalibu aliamuru Mussa aje pamoja na mshenga wake, Mzee Fikirini. Alitaka kumdhalilisha uso kwa uso. Aliwakalisha kwenye mkeka, yeye akakaa kitini amejifukiza udi, kitabu mapajani. Mimi na Sihaba tulisimama mlango wa jikoni.

"Binti yangu ana asili," alisema. "Wewe huna, kwa hiyo si kufu yake. Umebeba mizigo ya Waarabu, Kiarabu unakijua. Hebu soma hapa, mshenga wako asikie."

Mussa alisoma kimya. Nikamwona anakifunga kitabu taratibu.

"Mzee, naomba haya ya kitabu tuyaache."

"Soma!"

"Nakuomba, mzee wangu."

"Wivu huo. Jina la Twalibu limetajwa, halikutajwa?"

"Limetajwa."

"Na nasaba?"

"Nayo imetajwa, mzee."

"Basi umejihukumu kwa ulimi wako," Twalibu akasema, akawafungulia mlango kabla sinia la pilau halijatoka jikoni.

Niliwafuata mpaka njiani, nikamshika Mussa mkono. Nilijua kuna kitu amekimeza. Alikataa kusema, nikambana, mwisho akanong'ona.

"Twalibu hapo si jina la mtu, shangazi. Maana yake ni mwenye kutafuta. Pameandikwa kwamba kila zama hapakosi mtu anayetafuta nasaba isiyo yake."

"Mbona hukusema?"

"Ningemvua nguo mbele ya mwanawe."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa jirani. Halafu hasira ikanipanda. Kijana mwenye heshima namna hii ndiye anayefukuzwa na mpumbavu!

Nilirudi ndani. Twalibu alikuwa anamweleza Habiba kwamba mstari ule atautia kwenye fremu. Sihaba alikuwa bado mlango wa jikoni, analia bila sauti. Nikamweleza kaka yangu maana ya mstari wake, polepole, asikose hata neno.

"Muongo! Kijana ametunga!"

"Haya, mpigie ustadhi wa Ikwiriri aliyesoma Sudani. Msomee, akupe maana. Weka sauti kubwa tusikie wote."

Akachukua simu. Akalipata jina. Kidole gumba kikabaki hewani.

"Piga, baba," Sihaba akasema.

Hakupiga. Hapo ndipo nilipomdharau kabisa, maana mwenye hakika angepiga. Kumbe siku zote hizo alikuwa na shaka, na kwa shaka yake alikuwa radhi kumzika mwanawe akiwa hai.

Aliilaza simu kifudifudi. "Wageni wameondoka na njaa," akauambia ukuta. "Waiteni warudi."

"Warudi kula, au warudi kuposa?" nikamuuliza. Sikutaka kumwachia uchochoro.

Alinijibu kwa Kindengereko, lugha aliyoiona najisi tangu aliponunua kitabu: yote mawili.

Sihaba alikuwa ameshatoka mbio, kichwa wazi, akiita jina la Mussa barabarani. Mimi nilibaki nikimtazama kaka yangu. Huruma niliitafuta, sikuiona.