Mpaka Mchuzi Uishe

Mhariri wangu, Callum, hajawahi kukanyaga mji huu wa Chiang Mai, lakini anaujua kuliko mimi ninayeishi hapa mwaka wa sita sasa. Makala zangu za safari huzirudisha na swali lile lile: mbona hukuandika saa za kufungua na kufunga?

Safari hii alitaka saa za kibanda cha Shangazi Lamduan, mwenye nyumba wangu, anayepika tambi za mchuzi wa nazi chini ya chumba changu. Nilikuwa nimeandika kwamba hufunga mchuzi ukiisha. Callum akajibu kwamba mchuzi si saa, na bila saa makala haitoki. Mwandishi wa kujitegemea atabishana na nani? Nikashuka.

"Shangazi, unafunga saa ngapi?"

"Mchuzi ukiisha."

"Na mchuzi unaisha saa ngapi?"

"Watu wakishakula." Hakuinua hata macho. "Imogen, unaumwa? Miaka yote unakaa hapo juu, leo ndiyo unaniuliza?"

"Si mimi. Ni bosi wangu."

"Mwambie bosi wako aamke mapema."

Wateja wakacheka, mimi nikachukia. Hata hivyo bakuli langu lilikuwepo pale pale pembeni, limefunikwa kwa sahani ya buluu. Hunitengea kila siku, kwa kuwa anajua nachelewa kuamka. Wageni wenzangu huja mji huu na kuhama. Hakuna mwingine anayekumbuka kama nimekula. Nikala nimenuna, nikapanda juu, nikaandika: hufungwa saa nane mchana. Callum alifurahi sana.

Makala ilipotoka, watalii wakaanza kufika saa saba na nusu, simu mkononi, wakiikodolea macho sufuria tupu kama watu waliodhulumiwa. Bwana mmoja mwenye kofia pana alimwonyesha Shangazi simu yake, akamweleza kwa upole kabisa kwamba anakosea saa za kibanda chake mwenyewe. Shangazi akaniita.

"Hapa pameandikwa nini?"

Nikamsomea.

"Nani kaandika?"

"Bosi wangu ndiye aliyeng'ang'ania, mimi nilimwambia..."

"Bosi wako anakaa hapa?"

Shangazi akaendelea kuosha vijiko.

Kesho yake nilishuka nikiwa na njaa kweli. Sufuria ilikuwa imeshapinduliwa. Bakuli langu lilikuwa mezani, mbele ya msichana mgeni mwenye shingo iliyobabuka kwa jua. Sahani ya buluu ilikuwa imeegeshwa ukutani.

"Shangazi, hilo si langu?"

"Lilikuwa lako. Lakini umewaambia watu chakula kipo mpaka saa nane. Sasa itabidi kiwepo, hata cha mtu mmoja." Akanipa kitambaa nifute meza. "Unalala kwangu wewe. Sitaki wakuite mwongo."

Angenitukana ningemjibu. Nimezoea kugombana na Callum, na maneno ninayo tele. Kwa hili nikabaki nafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Msichana alipiga picha, akaonja, akasifu, akapiga picha nyingine. Halafu akainuka, akashukuru vizuri, akaondoka zake.

Alikuwa ameacha nusu. Shangazi akaimwaga.