Mdogo wa Mdogo Wake

Jumatatu saa nne asubuhi, mtunza kumbukumbu wa idara ya maji alifuta mwaka wake wa kuzaliwa kwenye kompyuta, akaandika mwingine uliompunguzia miaka kumi. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu. Kompyuta alijifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni, na hakupenda mtu asahau hilo. Pale mlangoni, kwenye meza ndogo, msaidizi wake aliyekingojea kiti chake miaka tisa alikuwa akipanga mafaili.

Jioni dada yake alimfungulia mlango. Walipishana miaka mitano, na dada ndiye aliyekuwa mdogo. Mtunza kumbukumbu ndiye aliyembeba mgongoni na kumfundisha kusoma. Leo dada alikuwa na mvi kichwa kizima, ambazo asubuhi hazikuwepo.

"Siku hizi hatusalimiani?" dada akauliza.

Akajikuta anainama. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nawa, chakula kinapoa."

Kesho yake alimwendea fundi wa seva, zile kompyuta kuu za idara, akauliza kwa kuzungukazunguka. Fundi alimweleza kwamba kila badiliko huongezwa mwishoni mwa faili moja, kwa lugha ya mashine: kilichokuwepo, kilichowekwa, saa ngapi. Seva ya pili hulisoma faili hilo na kurudia kila hatua kwa mpangilio uleule, ili zote mbili zifanane.

"Na nyumba ya mtu, inaweza kulisoma faili hilo?"

"Zipo zinazosoma," fundi alisema, akipuliza vumbi kwenye kibodi. "Ya kwako haina uvivu, mzee."

"Nikiurudisha mwaka wa zamani?"

"Utarudi, na nyumbani mambo yatakaa sawa. Ila nako kurudisha kutaandikwa, chini ya lile la kwanza. Wakaguzi wakilifungua, watakuta yote mawili."

Alirudi kitini, akauweka mkono kwenye kibodi, akauondoa. Msaidizi akamsogelea na karatasi.

"Mzee, kwenye orodha ya wanaostaafu sikuoni. Nimesoma vibaya?"

"Umesoma vizuri."

Msaidizi alirudi kwenye meza ndogo na kuendelea kupanga mafaili.

Jioni hiyo mtunza kumbukumbu alisalimia kabla hajakumbushwa. Dada alimpapasa kichwani, kama kaka mtu alivyozoea kumpapasa yeye zamani. Kaka alitaka kumwambia nani alimbeba nani. Lakini ukutani, kwenye picha yao ya utotoni, sasa msichana ndiye aliyekuwa amembeba mtoto wa kiume mgongoni, na mtoto yule alikuwa ameuficha uso.