Mama Kanda Apanda Kata Pumzi

Mwanaima binti Twalib wa kijiji cha Sudi alipochaguliwa kuwa kiongozi wa kanda wa Klabu za Mkono wa Jirani, kuna watu walicheka waziwazi, na wengine, ambao ndio wabaya zaidi, walipiga makofi kwanza kisha wakaenda kucheka nyumbani. Muuza samaki! Atazungukaje kanda nzima bila mshahara, kwa gari la kuazima, kutembelea watu wanaosafisha visima na kuwafulia wagonjwa? Mwanaima aliwasikia wote. Akasimama palepale mkutanoni akatangaza kwamba katika mwaka wake hakuna klabu hata moja itakayofutwa. Alipoketi alijua ameshajifunga.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Watu wa klabu ya Kiswere walimpokea kwa vigelegele, wakamkalisha kwenye kochi lililotandikwa vitambaa vya kufuma, wakamlisha ngisi mpaka akaomba radhi. Kila klabu ilikuwa vilevile: sare zilizopigwa pasi, nyimbo, hotuba, na sinia ambalo mgeni haruhusiwi kulikataa. Huku kwetu mgeni hapokelewi nusunusu. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kuwaponza watu wa Kipatimu.

Klabu ya Kipatimu ilikuwa bado haijaonwa. Kanuni ya klabu hizi haina huruma: usipotembelewa kwako na kiongozi wa kanda, akaketi nawe katika kikao, miaka minne mfululizo, unafutwa, na vifaa ulivyopewa vinarudi. Viongozi watatu walijaribu, kila mmoja kwa mwaka wake, na wote walikwama kwenye kilima kimoja kiitwacho Kata Pumzi, wakageuza. Wa mwisho alikuwa Bwana Hussen, mwalimu mstaafu wa Lindi. Huyu alirudi na suruali nyeupe iliyoharibika kwa tope jekundu na hasira ambazo hazikuisha mwaka mzima. Ndiye aliyepeleka hoja kwamba Jumamosi, kwenye mkutano wa kanda Kilwa Masoko, Kipatimu ifutwe.

"Watu hawataki kutembelewa," alisema. "Sasa tunawabembeleza wa nini?"

Mwanaima akaenda Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano. Aliyemwendesha ni shemeji yake, Nurdin, mwenye gari, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi wa kukata tamaa. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Tangu walipoiacha lami, njia ilikuwa mashimo, mawe na makorongo, lakini gari lilipita, likilalamika tu. Kisha wakafika chini ya Kata Pumzi, na ghafla barabara ikawa laini, nyekundu, imenyooka kama kitanda kilichotandikwa.

"Hee, shemeji! Kumbe huku wanatengeneza barabara!" Nurdin akafurahi, akakanyaga mafuta.

Katikati ya kilima gari likazama. Magurudumu yakazunguka, yakarusha tope mpaka kwenye kioo cha nyuma, na kila yalivyozunguka ndivyo lilivyozidi kukaa. Nurdin akazima injini.

"Shemeji, tumekwisha. Tulirudishe kinyumenyume, tugeuze. Utasema hapafikiki. Wenzako wote walisema hivyo."

"Wenzangu hawakuahidi," akajibu Mwanaima.

Akavua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akashuka. Hatua ya kwanza tope likamfika kwenye vifundo. Akateleza, akapiga magoti, akainuka. Akamlaani Hussen, akakilaani kilima, akaulaani mdomo wake mwenyewe uliotoa ahadi mbele za watu. Kwa kweli aliogopa. Kurudi bila kufika ilikuwa kuwapa wale wa vicheko walichokuwa wakikisubiri mwaka mzima.

Aliponyanyua macho aliona watu wanashuka kutoka juu. Wanaume kwa wanawake, sare nyeupe pee, wakipita kwa uangalifu kwenye majani ya kando ili wasichafuke, na nyuma yao vijana wamebeba machela ya turubai. Mbele alikuwa mwenyekiti wa klabu, Mzee Klementi, na katibu wake, Flora.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole sana. Wewe ndiye Mama Kanda?"

"Ndimi, kama bado natambulika."

Flora akaionyesha machela. "Panda, mama."

"Nipande? Kwani naumwa?"

"Huumwi. Hii ndiyo kazi ya klabu yetu. Wajawazito na wagonjwa wa vijiji vya chini tunawapandisha hapa kwenda hospitali ya misheni, mvua iwepo isiwepo. Mgeni wa kanda ndiye hatujawahi kumfikisha. Leo tutakubeba, ukitaka usitake."

Mwanaima akacheka, lakini kuna kitu kilimkera akilini. "Hebu niambieni. Kilima hiki siku zote kiko hivi?"

"La hasha!" Mzee Klementi akasema kwa fahari. "Siku zote kina mashimo na mawe matupu. Malori ya mkaa yanapita. Hivi tumekitengeneza kwa ajili yako. Wiki nzima tumebeba udongo kutoka bondeni, tumefukia mashimo, tumesawazisha, akina mama wakamalizia kwa fagio. Mgeni hawezi kuja kwetu huku anarushwarushwa ndani ya gari!"

"Na Bwana Hussen mlimtengenezea?"

"Vilevile."

"Na waliomtangulia?"

Mzee akamtazama Flora. Flora akautazama udongo. Ungeweza kuona jambo lenyewe likiwaingia mmoja baada ya mwingine.

"Kila aliyekwama," Flora akasema polepole, "tulidhani udongo ulikuwa haujatosha. Mwaka unaofuata tukaongeza."

Mwanaima aliketi chini, kwenye tope lilelile, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wengine nao wakaangua kicheko. Flora hakucheka. "Mama, tungejifuta wenyewe," akasema.

"Hamfutwi," Mwanaima akasema, akainuka. "Hapa si kwenu?"

"Ni kwetu."

"Basi kikao kimefunguliwa. Leteni majembe na mabeleshi. Machela muweke kando."

Wakatazamana, wakazitazama sare zao. Kisha Mzee Klementi akakunja suruali, akaingia kwenye tope, na baada ya hapo hakukuwa tena na cha kuchunga. Walikifukua kilima walichokipamba kwa mikono yao. Udongo uliruka huku na huku, mawe ya zamani yakaanza kuchungulia, na Flora, jembe mkononi, akatoa taarifa ya mwaka huku akihema: Adija wa bondeni, alijifungua mapacha. Babu yake Gregori, mguu uliovunjika. Samia, uchungu ulimshika mvua ikinyesha, wakambeba huku wakiteleza, na mtoto sasa anatambaa. Kila jina lilipotajwa, mtu mmoja kati yao alisema, "Nilikuwepo." Mwanaima alichimba bila kuinua uso, maana hakutaka waone anavyolia.

Nurdin akawasha injini. Magurudumu yakagusa jiwe, yakashika. Gari likapanda Kata Pumzi likitikisika kwa kila shimo, na watu wakakimbia nyuma yake wakipiga vigelegele. Juu pilau lilikuwa linasubiri.

Jumamosi, ukumbini Kilwa Masoko, Bwana Hussen alikuwa wima akiisoma hoja yake wakati mlango ulipofunguliwa. Watu wa Kipatimu waliingia na machela yao. Sare walikuwa wamezifua, wakazianika, wakazifua tena, lakini ule wekundu ulikataa kutoka. Hussen akaacha kusoma. Aliitambua rangi ile.

Mwanaima akasimama akasimulia yote, tangu fagio hadi majembe. Ukumbi mzima ulicheka, isipokuwa mwalimu.

"Ina maana," Hussen akauliza taratibu, "na mimi mlinitengenezea barabara?"

"Wiki nzima, mwalimu," akajibu Flora. "Na pilau lilipoa tukikusubiri."

Hussen akaishusha karatasi yake. Macho yalikuwa yamemlowa, wala hakuyaficha. "Nilidhani hamnitaki," akasema. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. "Hoja nimeiondoa. Na mwakani nakwenda mwenyewe kula hilo pilau. Mtanitengenezea nini?"

"Hatukutengenezei kitu," akasema Mzee Klementi. "Tutakuachia mashimo yako yote."

Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama, wakamgeukia Mama Kanda wa Sudi, na wale waliomcheka alipochaguliwa walikuwemo, wanapiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Mwanaima aliwatazama mmoja mmoja. Safari hii hakuwepo wa kwenda kucheka nyumbani.